Wali au mahindi kando ya mlo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu lishe

Kwa ufupi, kipi kina lishe zaidi?

Ukiweka wali mweupe na mahindi matamu ya kuchemsha kwenye mizani, uzito kwa uzito, mahindi yanashinda karibu kila kipengele. Yana nyuzinyuzi nyingi, potasiamu nyingi, vitamini C ambayo wali hauna kabisa, na kalori chache. Ila huo ni ushindi wa mahindi yaliyovunwa mabichi dhidi ya mchele uliokobolewa hadi ukawa mweupe. Weka mchele usiokobolewa upande mmoja, au unga wa mahindi uliokobolewa upande wa pili, na matokeo yanabadilika. Kwa hiyo majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye swali lilelile: mchele upi, na mahindi yapi?

Mbona kila ninaposoma nakuta takwimu tofauti?

Mara nyingi kinachochanganya ni maji. Gramu 100 za mchele mkavu zina takriban kilokalori 365. Ukiupika unanyonya maji mpaka unafika karibu gramu 300, kwa hiyo gramu 100 za wali ulioiva zina kama kilokalori 130 tu. Anayechukua takwimu ya mchele mkavu na kuipambanisha na takwimu ya mahindi ya kuchemsha (kilokalori 96 hivi) atahitimisha kwamba wali unanenepesha karibu mara nne zaidi, jambo ambalo si kweli. Kosa hili limeenea mno, na ukishalijua utaanza kuliona kila mahali.

Bisi zinawapotosha watu kwa njia hiyohiyo. Gramu 100 za bisi zilizopasuliwa kwa hewa moto bila mafuta zina kilokalori 387, takwimu inayotisha, lakini kikombe kimoja kilichojaa bisi kina gramu 8 tu. Hapo umekula kilokalori 31.

Kisha kuna virutubishi vinavyoongezwa kiwandani. Wali mweupe usioongezwa kitu una madini ya chuma miligramu 0.2 tu kwa gramu 100. Ule ulioongezwa una kama miligramu 1.2. Majedwali mengi yanayozunguka mtandaoni yanatumia mchele ulioongezwa bila kumwambia msomaji, naye anadhani chuma kile ni cha mchele wenyewe.

Na mwisho ni aina ya mahindi. Mahindi matamu yamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili sukari yake ichelewe kugeuka wanga. Mahindi ya kawaida, hata yakivunwa mabichi, yana wanga mwingi zaidi na utamu mdogo. Takwimu za mahindi matamu zikitumika kwa hindi la kawaida lililokomaa, kalori na wanga vitaonekana pungufu kuliko vilivyo.

Basi takwimu zenyewe ni zipi?

Kwa gramu 100 za chakula kilichoiva, bila chumvi wala mafuta:

- Wali mweupe: kilokalori 130, wanga gramu 28, nyuzinyuzi gramu 0.4, protini gramu 2.7, mafuta gramu 0.3, potasiamu miligramu 35, magnesiamu miligramu 12.
- Wali wa mchele usiokobolewa: kilokalori 110 hadi 125, nyuzinyuzi gramu 1.6 hadi 1.8, protini kama gramu 2.6, mafuta gramu 1, magnesiamu karibu miligramu 40.
- Mahindi matamu ya njano: kilokalori 96, wanga gramu 21 (ndani yake sukari gramu 4.5), nyuzinyuzi gramu 2.4, protini gramu 3.4, mafuta gramu 1.5, potasiamu miligramu 218, magnesiamu miligramu 26, vitamini C miligramu 5.5.

Zisome kwa jicho la upimaji. Tofauti ya protini, gramu 0.7, haina uzito wowote kwa mtu anayekula maharage, samaki au yai kwenye mlo huohuo. Tofauti ya nyuzinyuzi ina uzito: mahindi yana mara sita ya wali mweupe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe cha punje za mahindi kinakupa zaidi ya gramu 3, na kikombe cha wali mweupe hakifikishi hata gramu 1. Vitamini C ya mahindi ipo, lakini isikufanye uache matunda.

Kwenye magnesiamu, tazama mchele usiokobolewa unavyoyapita mahindi.

Mahindi ni mboga au ni nafaka?

Kibotania ni nafaka, jamii moja ya nyasi na mpunga na ngano. Kwenye miongozo ya lishe ya nchi kama Marekani, mahindi yakiliwa mabichi huwekwa kwenye kundi la mboga zenye wanga, na yakikauka huhesabiwa nafaka. Ugawaji huo una mantiki yake, lakini umewafanya watu wengi wapakue wali, waongeze mahindi pembeni, kisha wajihesabie kwamba wamekula wanga na mboga. Wamekula wanga mara mbili. Kwenye sahani, mahindi yachukue nafasi ya wali. Nafasi ya mchicha, kabichi au karoti iachwe ilivyo.

Nina kisukari. Mahindi ni matamu, je, si ndiyo mabaya zaidi?

Ulimi unadanganya hapa. Wali hauna utamu wowote, lakini wanga wake unavunjwa haraka tumboni na kuwa glukosi. Hindi linaonja utamu kwa sababu lina sukari kidogo iliyo wazi, gramu 4.5 kwa kila gramu 100, ambayo ni chini ya nusu ya sukari ya tofaa.

Wataalamu hupima kasi ya chakula kupandisha sukari ya damu kwa fahirisi ya glaisemia, ambapo glukosi tupu ni 100. Katika majedwali ya kimataifa, wali mweupe una wastani wa 73, wali usiokobolewa 68, na mahindi matamu 52. Fahirisi hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu haisemi umekula kiasi gani. Chukua kikombe cha wali: gramu 158, wanga gramu 45. Zidisha 45 kwa 73, gawanya kwa 100, unapata mzigo wa glaisemia kama 33. Kikombe cha mahindi, gramu 150, kina wanga gramu 31 hivi. Ukizidisha kwa 52 na kugawanya kwa 100 unapata 16. Mzigo wa 20 na zaidi kwa mlo mmoja huhesabiwa kuwa mkubwa. Kwa hiyo ndiyo, kwa mtu wa kisukari, kikombe cha mahindi matamu kwa kawaida ni chepesi kuliko kikombe cha wali mweupe, mzigo wake ni karibu nusu.

Lakini si wali wote unaofanana. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Amilosi imejipanga kwa mnyoofu na inachelewa kumeng'enywa. Amilopektini ina matawi mengi na inavunjika upesi. Mchele mrefu unaochambuka punje kwa punje, kama basmati, una amilosi nyingi na fahirisi yake hushuka hadi kwenye miaka ya 50 hivi. Mchele mfupi unaonata una amilosi kidogo sana au hauna kabisa, na unapandisha sukari kwa kasi. Wali uliopikwa mpaka ukawa rojo nao unaenda kasi kuliko ule ulioiva ukabaki na punje zake.

Upande wa mahindi, kadiri yanavyosagwa laini ndivyo yanavyomeng'enywa upesi. Ugali wa unga laini uliokobolewa hauwezi kupewa ile 52 ya mahindi matamu, ingawa vyote vinaitwa mahindi.

Mwaka 2012 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti za watu zaidi ya 350,000, nao ulikuta kwamba kila mgao mmoja wa wali mweupe unaoongezeka kwa siku uliambatana na ongezeko la asilimia 11 la hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili. Huo ni uhusiano, haujathibitisha chanzo. Wanaokula wali mwingi wanatofautiana na wengine kwa mambo mengine pia. Mimi naona unatosha kumfanya mtu apunguze kipimo cha wali. Kuufukuza kabisa mezani hakuna ulazima.

Anayetumia insulini ahesabu wanga wa sahani nzima na kupima sukari yake mwenyewe saa mbili baada ya kula. Miili inatofautiana kuliko majedwali yanavyoonyesha.

Ni kweli wali uliopoa una sukari kidogo?

Kuna ukweli ndani yake, ila umetiwa chumvi. Wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa wanga sugu, ambao utumbo mwembamba hauwezi kuuvunja. Unateremka hadi utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015 ulipima wali mweupe: uliotoka jikoni ulikuwa na wanga sugu gramu 0.64 kwa gramu 100, na uliokaa kwenye friji saa 24 kisha ukapashwa moto ulikuwa na gramu 1.65. Je, kupanda kwa sukari ya damu kwa waliokula huo wa pili kulipungua kwa nusu? Hapana, hakukufika huko. Kulipungua kwa kiasi cha wastani tu. Ongezeko la gramu 1 kwenye wanga wa gramu 28 halibadilishi mlo. Ukipenda wali wa friji, kula. Kijiko kimoja pungufu cha kupakulia kitakusaidia zaidi.

Protini ipi ni bora?

Zote mbili zina upungufu wa laisini, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Ya mchele ina laisini iliyozidi kidogo ile ya mahindi, na mahindi yana pengo la pili: triptofani. Kwa hiyo mahindi yana protini nyingi kidogo kwa kiasi, na mchele una ubora ulio juu kidogo.

Pengo hilo linazibwa na jamii ya kunde. Maharage, dengu, kunde na choroko vina laisini nyingi lakini methionini kidogo; nafaka ziko kinyume chake. Si lazima viliwe kwa kijiko kimoja, almradi vikutane ndani ya siku. Mtu anayekula nyama, samaki, mayai au maziwa hana haja ya kuumiza kichwa juu ya jambo hili.

Wapo waliojaribu kuirekebisha mbegu yenyewe. Miaka ya 1960 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Purdue waligundua kwamba mahindi yenye jeni iitwayo opaque-2 yana laisini na triptofani nyingi zaidi. Punje zake zilikuwa laini na dhaifu, wakulima wakazikataa. Evangelina Villegas na Surinder Vasal walizifanyia kazi kwa miaka mingi hadi wakapata mahindi magumu yenye protini bora, na mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Kukoboa kunapunguza nini hasa?

Swali hili ningelipa nafasi kubwa kuliko lile la wali au mahindi.

Punje ya nafaka ina sehemu tatu: pumba za nje, kiini kinachoota, na wanga wa katikati. Nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, madini na mafuta vimekusanyika kwenye pumba na kiini. Mashine ya kukoboa huviondoa hivyo viwili na kukuachia ile sehemu nyeupe. Mchele mweupe na unga wa sembe vimepitia mkasa mmoja. Mchele usiokobolewa na unga wa dona vimebaki na vyote, ndiyo maana vinaharibika upesi: mafuta ya kiini yakikaa sana huchacha.

Historia imeshatoa ushahidi mzito kwa nafaka zote mbili. Miaka ya 1890, kisiwani Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakipooza miguu kwa ugonjwa unaofanana na beriberi ya binadamu, na wakirejeshewa mchele wenye pumba wakapona. Kilichokosekana ni thiamini, yaani vitamini B1. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Mahindi yana kisa chake. Wenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati walikuwa wakichemsha mahindi makavu kwa maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya, mbinu hiyo haikusafiri nayo. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal wa Hispania alieleza ugonjwa wa maskini waliokuwa wakila mahindi karibu peke yake: ngozi inababuka, tumbo linaendesha, akili inavurugika, mwisho kifo. Ni pelagra. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilisambaa kusini mwa Marekani, na wengi waliamini inaambukiza. Kuanzia 1914 daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba chanzo ni chakula, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem akabaini kuwa niasini ndiyo inayotibu ugonjwa kama huo kwa mbwa.

Ajabu ni kwamba mahindi yana niasini. Imefungwa tu ndani ya punje kavu kiasi kwamba mwili hauifikii, na chokaa ndiyo inayoifungua, huku ikiongeza kalsiamu. Mwili unaweza pia kujitengenezea niasini kutokana na triptofani, lakini tumeshaona mahindi hayana triptofani ya kutosha.

Anayekula mahindi au wali kama sehemu ya mlo wenye kunde, mboga na kitoweo hana sababu ya kuogopa pelagra wala beriberi. Maradhi hayo yaliwapata watu ambao nafaka moja ndiyo ilikuwa karibu chakula chao chote.

Je, nafaka isiyokobolewa haizuii madini kufyonzwa?

Inazuia kwa sehemu. Pumba zina fitati, inayoshikamana na chuma na zinki. Kuloweka na kuchachusha hupunguza fitati, na kitu chenye vitamini C kando ya mlo, kama nyanya au ndimu, husaidia chuma kufyonzwa. Kwa jumla bado faida inazidi hasara.

Mahindi ya njano na meupe yana tofauti?

Kwa wanga, protini na kalori, hakuna ya kutajika. Tofauti iko kwenye rangi. Njano inatokana na lutini na zeazanthini, ambazo hukusanyika kwenye sehemu ya jicho inayotumika kuona kwa makini, pamoja na kiasi kidogo cha viambata ambavyo mwili huvigeuza vitamini A. Mahindi meupe karibu hayana, na wali mweupe hauna. Viambata hivi huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo kijiko kidogo cha mafuta, au kitoweo chenye mafuta kidogo, husaidia vifyonzwe.

Njia ipi ya kupika inahifadhi lishe?

Kwa mahindi, kuchoma, kupika kwa mvuke au kuchemsha kwa muda mfupi yakiwa bado kwenye gunzi ni bora kuliko kuchemsha punje kwenye maji mengi yanayomwagwa. Vitamini C hupotea kwa joto, lakini si kila kitu hupotea. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walipasha mahindi matamu joto la nyuzi 115 kwa dakika 25: vitamini C ilipungua kwa asilimia 25, lakini uwezo wa kupambana na vioksidishaji uliongezeka kwa asilimia 44, kwa sababu joto lilifungua viambata kama asidi feruliki vilivyokuwa vimeshikwa kwenye kuta za seli.

Kwa mchele ulioongezwa virutubishi kiwandani, kuosha mara nyingi huondoa vilivyopakwa juu ya punje. Mchele wa kawaida osha bila wasiwasi.

Mahindi ya kopo yanakaribiana na ya kuchemsha kwa nyuzinyuzi na wanga. Shida yake ni chumvi: gramu 100 zinaweza kuwa na sodiamu miligramu 200 hivi, wakati hindi lililochemshwa bila chumvi lina karibu sifuri. Yamwage kwenye chujio, yasuuze kwa maji ya bomba, na sehemu ya chumvi itaondoka. Ya kugandisha mara nyingi hayana chumvi yoyote, nami ningeyachagua kwanza.

Siagi kidogo juu ya mahindi ina madhara gani?

Kijiko kimoja cha chakula cha siagi kina kilokalori 100 na mafuta yaliyoshiba gramu 7. Yaani kijiko hicho kinazidi kalori za gramu 100 za mahindi yenyewe. Hesabu ni hiyohiyo kwa wali uliokaangwa kwa mafuta mengi au uliopikwa kwa krimu na jibini. Watu wanabishana wali au mahindi, na kilichoamua mlo ni kile walichomimina juu yake. Ndimu, pilipili, vitunguu saumu na majani ya giligilani vinaongeza ladha bila mzigo huo.

Nimesikia mchele una arseniki. Niache?

Usiache, ila ujue unachofanya. Mpunga unaolimwa kwenye maji yaliyotuama hufyonza arseniki kutoka udongoni kuliko nafaka nyingine, na sehemu kubwa hukaa kwenye pumba. Kwa hiyo hapa mchele usiokobolewa ndio ulio nyuma. Mwaka 2014 tume ya Codex Alimentarius, inayoweka viwango vya chakula vya kimataifa, iliweka kikomo cha miligramu 0.2 za arseniki isiyo hai (aina yenye sumu zaidi) kwa kilo ya mchele uliokobolewa. Kupika kwa maji mengi, vikombe 6 hadi 10 kwa kimoja cha mchele, kisha kumwaga yaliyobaki, kunaondoa sehemu kubwa. Anayekula wali mara mbili kwa wiki hana haja ya kujisumbua. Anayeula kila siku, mjamzito, na mtoto mchanga anayelishwa uji wa mchele tu, hao ndio wabadilishe nafaka mara kwa mara.

Mahindi nayo hayako salama kwa asili. Yakikaushwa vibaya na kuhifadhiwa na unyevu, kuvu aina ya Aspergillus huota na kutengeneza sumukuvu, ambayo imethibitishwa kusababisha saratani ya ini. Kupika hakuiondoi. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizosinyaa zitupwe, na mahindi yakaushwe mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 13 hivi kabla ya kuwekwa ghalani.

Mgonjwa wa figo achague kipi?

Hapa wali mweupe unashinda wazi, na ule "udhaifu" wake wa madini unageuka faida. Potasiamu miligramu 35 dhidi ya 218, na fosforasi kama miligramu 43 dhidi ya 77. Mwenye figo zilizochoka, hasa akiwa ameambiwa apunguze potasiamu, aongee na mtaalamu wake wa lishe kabla ya kubadilisha wali kwa mahindi kwa sababu tu amesoma kwamba mahindi yana lishe.

Kuna gluteni?

Hakuna, kwa vyote viwili. Mwenye seliaki, yaani ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni (protini ya ngano), aangalie tu unga uliosagwa kwenye mashine ileile ya ngano, na viungo vya pakiti.

Mbona punje za mahindi zinatoka nzima chooni?

Kinachoonekana ni ganda la nje, lililojengwa kwa selulosi ambayo binadamu hana kimeng'enya cha kuivunja. Ndani yake kwa kawaida mmebaki patupu. Tafuna vizuri na utaona machache. Kwa wenye tumbo linalojaa gesi kirahisi, mahindi mengi kwa mara moja yanaweza kuleta usumbufu, na wali ni mpole zaidi. Ndiyo maana mtu anayetoka kuharisha hupewa wali laini kwanza.

Wale walioambiwa wasiguse mahindi wala bisi kwa sababu ya vijifuko kwenye utumbo mpana watafurahi kusikia kuhusu utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2008. Wanaume 47,228 walifuatiliwa kwa miaka 18, na waliokula bisi na karanga hawakuonekana kuwa na hatari zaidi. Utumbo ukiwa umevimba wakati huohuo ni suala lingine, hapo msikilize daktari.

Nataka kupunguza uzito. Nile kipi?

Mahindi kwenye gunzi, kwa sababu mbili: kalori zake ni chache kwa uzito uleule, na huwezi kuyala upesi. Wali unateremka haraka, na kijiko cha pili huja kabla tumbo halijasema limetosha. Ukipenda wali, pima kabla ya kupakua: kikombe kimoja kilichoiva ni kilokalori 205.

Naweza kuvichanganya kwenye sahani moja?

Unaweza. Nusu kikombe cha wali na nusu kikombe cha punje za mahindi ni mchanganyiko mzuri kuliko kikombe kizima cha wali mweupe. Ongeza maharage kidogo, na lile pengo la laisini limezibika.

Watoto wadogo je?

Bisi wasipewe walio chini ya miaka 4, maana zinaweza kuwakaba. Punje nzima za mahindi ziponde kwa wanaoanza kula. Wali laini hauna shida, ila usiwe nafaka yao pekee.

Kiporo cha wali kinakaa muda gani?

Muda mfupi kuliko watu wanavyodhani. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa kwenye joto la jikoni, mbegu hizo huamka, huzaana, na kutoa sumu inayosababisha kutapika ndani ya saa chache. Kupasha moto hakuiharibu sumu hiyo. Tandaza wali uliobaki kwenye chombo kipana upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, chini ya nyuzi 5, na uliwe ndani ya siku moja. Pasha mara moja tu, mpaka utoe mvuke kote. Uliolala juu ya meza usiku kucha, mwaga. Mahindi ya kuchemsha nayo yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Humo yanaweza kukaa siku 3 hivi.